Kunasa, Kubanwa na Kukwama

Mfasiri wa maelezo ya mtambo wa kujazia risasi upya, utumiwao na wapiga shabaha wa Marekani, hukuta kitenzi kimoja cha Kiingereza kikitaja hitilafu tatu. Mtambo huo una sahani izungukayo yenye maganda kadhaa; kila wenzo ushushwapo, kila ganda hupata hatua yake.

Twapendekeza hitilafu hizo zitenganishwe. Ganda kavu likishikwa ndani ya kalibu, limenasa: litolewe, na yafuatayo yapakwe mafuta. Bolti ya sahani ikikazwa kupita kiasi, sahani imebanwa: bolti ilegezwe kidogo. Fataki isiyozama barabara katika kitako cha ganda ikizuia mzunguko, sahani imekwama: ganda hilo liondolewe kwa uangalifu.

Tofauti hii si pambo la lugha. Msomaji aambiwaye tu kwamba mtambo “umekwama” aweza kuulazimisha wenzo, na fataki igandamizwapo kwa nguvu yaweza kulipuka karibu na baruti. Kwa hiyo mfasiri ataje hitilafu kwa jina lake, kisha aandike waziwazi: wenzo ukizuilika usilazimishwe, itafutwe sababu kwanza.