Je, Wajua? Mto Nao Una Fungu Lake

Je, wajua kwamba maji ya Mto Kiwira, yapitayo kwa kishindo chini ya lile daraja la mawe liitwalo Daraja la Mungu, si milki ya mtu awaye yote, hata yule ambaye shamba lake la migomba limepakana nayo? Tangu Sheria namba 42 ya mwaka 1974 maji yamo katika mamlaka ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na atakaye kuyachepusha kwa ajili ya kilimo au kiwanda hana budi kupata kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, yenye ofisi yake Tukuyu. La ajabu zaidi, kwa rai yangu, limo katika Sheria namba 11 ya mwaka 2009: yakishatengwa maji ya matumizi ya nyumbani, afuataye si mkulima wala tajiri wa kiwanda, bali mto wenyewe, ambao kiasi cha maji yake huhifadhiwa ili samaki na viumbe wenziwe wasihiliki. Nayo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, amri isiyo nyepesi kwa wenye vishamba vya mabondeni.