Supape isiyopiga kelele njo ya kuogopa

Wengi wetu tuliomaliza iniversite tunakula juu ya pikipiki. Mimi pia diploma yangu ya uchumi iko ndani ya sanduku, na kila asubuhi nabeba wateja kwenye milima ya Bukavu.

Mwaka jana motere yangu ilitulia vizuri, hakuna kelele. Nikafurahi. Kumbe supape ya kutoa moshi ilikuwa imekazwa sana. Haikuwa inafunga, ikaungua. Siku 9 bila kutumika, na pesa ya nyumba ikaenda kwa fundi.

Supape inapoa wakati imekaa kwenye kiti chake. Ikipata moto, inarefuka. Kama hauiachie nafasi ya kurefuka, inabaki wazi kidogo, moto unapitia hapo, na nguvu inapotea. Nafasi ikizidi, utasikia ka-ka-ka. Hiyo pia si nzuri, lakini angalau inakuonya.

Kupima si kazi ya muujiza. Pikipiki yangu ni aina ya CG 125: kitabu chake kinaomba 0.08 mm kwa supape zote mbili. Yako, fuata kitabu chake.

Pima asubuhi, motere ikiwa baridi kabisa. Toa buji, kifuniko cha supape na vifuniko vidogo vya upande wa kushoto. Zungusha motere polepole na ufunguo mpaka alama T ilingane na ile ya kwenye kifuniko. Sasa shika kulibiteri na vidole: zote mbili zicheze kidogo. Kama moja imekaza, zungusha tena mzunguko mmoja mzima.

Ingiza kale ya 0.08 kati ya skuruu na mkia wa supape. Ipite, lakini usikie inakwaruza kidogo. Kama haipiti, ao inapita ovyo, legeza nati, geuza skuruu, kisha kaza nati huku umeshikilia skuruu isizunguke. Halafu pima tena, sababu kukaza nati kunaharibu kipimo. Hapo njo wengi tunakosea.

Kale ni bei ndogo. Tulifundishwa darasani kupima mbele ya kusema. Tufanye vile pia kwa chombo kinachotulisha. Mwenye hana kale, aandike hapa chini, tuazimane.