Zambarau, Manjano, Kahawia: Rangi Zilizotoka Jikoni

Msimu wa zambarau hakuna mtoto anayeweza kumdanganya mama yake. Anarudi shuleni saa tisa, sare imechafuka, anaulizwa kama amepanda mti wa jirani, anaapa hajaukaribia. Mama habishani naye. "Toa ulimi." Kesi imekwisha. Ulimi una rangi ambayo Waswahili hawakuhangaika kuitafutia jina: waliiita kwa jina la tunda lenyewe.

Na si hiyo peke yake. Rangi zinazofuata ngeli kwa Kiswahili ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nguo nyeupe, kitabu cheupe, ukuta mweupe. Nyingine tumeziokota kwenye vitu, na vingi kati ya vitu hivyo viko jikoni. Manjano ni kiungo kilekile kinachotiwa kwenye urojo na mchuzi wa samaki. Kahawia imetoka kwenye kahawa, kijani kwenye majani, kijivu kwenye majivu, na rangi ya chungwa inajieleza yenyewe. Mtu anayemwelekeza fundi rangi ya ukuta wa sebule anapita jikoni bila kujua.

Je, rangi hizo zikirudi kwenye sahani, zinaweza kumbadilisha mtu hali ya moyo? Zinaweza, ila kwa njia mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni ya haraka, inapita machoni. Nyingine ni ya polepole, inapita tumboni, na haina haraka ya kumfurahisha mtu.

Tuanze na macho. Retina ya binadamu, kama ya sokwe, ina aina 3 za koni, yaani seli zinazotambua rangi. Ng'ombe na mbwa wana aina 2 tu, kwa hiyo kwao embe lililoiva halijitokezi sana kati ya majani. Wanabiolojia wengi wanaamini jicho letu lilipata uwezo huu msituni, katika kutafuta matunda mabivu na machipukizi mekundu yaliyo laini. Bado wanabishana kipi kilitangulia, tunda au chipukizi. Vyovyote iwavyo, raha unayoipata kwa kutazama tu sinia la kachumbari, nyanya, kitunguu, pilipili hoho na karoti iliyokwanguliwa, ina historia ndefu kuliko sinia lenyewe.

Jicho pia linatoa hukumu kabla ulimi haujasikilizwa. Mwaka 2001 watafiti watatu wa Ufaransa, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu, walichapisha jaribio walilolifanya Bordeaux. Wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu wala ladha. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hawa hawakuwa walevi wa kilabuni. Walikuwa watu wanaosomea pua zao.

Rangi iliwaambia walichojifunza kukitarajia, na kwa sababu hiyo sina imani na zile chati zinazosema njano huleta furaha, kijani hutuliza, nyekundu huamsha hamu. Waulize Wakenya waliokuwa wakubwa mwaka 1984, ukame ulipowaletea mahindi ya njano kutoka nje. Waulize Watanzania wa umri huo kuhusu "ugali wa Yanga", uliopewa jina kwa sababu ya rangi ya jezi za klabu hiyo ya soka. Wengi wao mpaka leo wakiona unga wa njano wanakunja uso, maana rangi ile kwao ni foleni, ni msaada, ni mwaka wa shida. Cha ajabu, unjano wa mahindi yale ni karotenoidi, ambazo mahindi meupe karibu hayana kabisa. Kwa lishe, unga ule ulikuwa na cha ziada. Lakini ungemwambia nani, siku ile kwenye foleni? Njano ya embe na njano ya ugali ni njano mbili, kwa sababu kumbukumbu nayo inakula sahani moja na sisi.

Sasa tuingie kwenye sufuria, maana huko ndiko rangi inakofanya kazi ya pili.

Chukua mchicha. Ukijani wake ni klorofili, molekuli yenye chembe moja ya magnesiamu katikati kama kokwa. Moto ukiingia, asidi iliyomo ndani ya jani inatoka, inaing'oa ile magnesiamu, hidrojeni inakaa mahali pake, na mboga inageuka rangi ya gwanda la mgambo. Ukitia nyanya au ndimu mapema unaharakisha mambo. Wapishi wengi wana dawa: chembe ya magadi. Magadi yanaua asidi, kijani kinabaki kikali, na kisamvu kinalainika upesi. Tatizo ni kwamba magadi hayohayo yanaharibu vitamini C na B1. Unapata sahani inayopendeza zaidi na kulisha kidogo zaidi. Mimi naona bora kupika kwa dakika chache, sufuria wazi, magadi yabaki kwenye kopo lake.

Chini ya kijani hicho kuna rangi nyingine iliyojificha. Utaiona jani la sukuma wiki likizeeka bustanini: klorofili inavunjika, na unjano uliokuwemo tangu mwanzo unajitokeza. Hizo ni karotenoidi, ndugu wa zile za karoti, boga na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Mojawapo, beta-karotini, mwili huigeuza kuwa vitamini A. Viazi hivyo viliwapatia Robert Mwanga wa Uganda na wenzake watatu Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Karotenoidi haziyeyuki kwenye maji, zinataka mafuta. Kwa hiyo aliyeanza kuupika mchicha kwa tui la nazi alikuwa na kemia nzuri kuliko alivyojua, na mawese mekundu ya Kigoma yanabeba vyote viwili, rangi na mafuta yake, kwenye chupa moja.

Rangi ya zambarau ni ukoo mwingine, anthosayanini, na yenyewe ni kigeugeu. Iko pia kwenye rosela. Mimina juisi ya rosela kwenye glasi mbili: moja kamulia ndimu, wekundu unawaka, nyingine tia chembe ya magadi, inageuka ya bluu, halafu kijani chafu. Ya pili usinywe.

Vitu hivi vinampa mtu furaha? Hapa ndipo wauza tumaini wanapopita mbio. Utasikia kwamba serotonini, kemikali inayohusishwa na utulivu wa moyo, inatengenezwa tumboni kwa takriban asilimia 90. Ni kweli. Wasichosema ni kwamba serotonini ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo. Ndizi nayo ina serotonini, na hata ukila mkungu mzima haitafika kichwani kwa njia hiyo.

Lakini kuna kitu kinachoonekana, na kinaonekana kwa siku na wiki. Huko Otago, New Zealand, mtafiti Tamlin Conner na wenzake walichapisha mwaka 2017 jaribio la wiki mbili kwa vijana 171. Kundi moja lilipewa mkononi sehemu mbili za ziada kila siku za vyakula kama karoti, machungwa na kiwi. Kundi la pili lilipewa vocha na kukumbushwa kwa ujumbe wa simu. La tatu liliachwa na mlo wake. Waliopewa mkononi walieleza kuwa na nguvu na ari zaidi. Waliotumiwa ujumbe hawakubadilika. Na dalili za sonona hazikupungua kwa kundi lolote, jambo ambalo watafiti walilisema wazi.

Kwa wagonjwa hasa, jaribio linalotajwa sana ni la Felice Jacka wa Australia, mwaka huohuo wa 2017. Watu 67 wenye sonona walifuatiliwa kwa wiki 12. Waliosaidiwa kubadili mlo, wakala mboga, matunda, kunde, samaki na mafuta ya zeituni, karibu theluthi walipata nafuu ya kuhesabika kuwa wametoka kwenye ugonjwa; kwenye kundi lililopewa mazungumzo ya kirafiki ilikuwa asilimia 8. Ni kundi dogo, na wengi walikuwa wakiendelea na matibabu yao. Hakuna aliyeambiwa aache dawa ale hoho.

Kinachofanya kazi, basi, ni mboga na matunda, si rangi kama rangi. Rangi ni alama tu, kama bango mlangoni: hapa ndani kuna foleti, pale kuna karotini. Na bango linaweza kutundikwa kwenye duka tupu. Mwaka 2007 watafiti wa Southampton, Uingereza, waliwapa watoto wa miaka 3 na wa miaka 8 hadi 9 vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi za viwandani na kihifadhi cha sodiamu benzoeti. Kwa wastani utukutu uliongezeka, si sana, lakini uliongezeka. Tangu 2010, vyakula vyenye rangi 6 zilizohusika vikiuzwa Umoja wa Ulaya lazima vibandikwe onyo.

Nilikumbuka hayo nilipomnunulia mpwa wangu ubuyu. Anaujua ubuyu wa getini kwa shule, mwekundu wa kupakwa, unaoacha vidole kama vya mchinjaji. Mimi nikamletea ule mtupu, mweupe wa maziwa, unga wake ukiwa kwenye mbegu kama ulivyotoka kwenye buyu, na vitamini C yake yote. Aliugeuzageuza kiganjani.

"Anko, huu umechacha?"

Nikamwambia auonje. Alitia mbegu moja mdomoni, akaimung'unya huku amenikazia macho, kisha akaenda kwenye kioo na kutoa ulimi.

"Mbona haujafanya kitu?"

Akarudi kuchukua nyingine.