Kuongeza Kredi ya Simu Ukiwa Ng'ambo: Tupange Kabla ya Safari



Vijana wetu wengi, na hasa akina dada, wanakwenda kutafuta kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba kama Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu. Kabla ya kuondoka wanahangaika na pasipoti, mkataba, vipimo vya hospitali na pesa za ajenti. Simu haihangaikiwi sana kwa sababu kila mtu anafikiri anaijua. Halafu wiki mbili zikipita nyumbani wanaanza kulia: "Hapatikani! Sijui kumetokea nini."

Mara nyingi hakujatokea jambo baya. Kredi imekwisha tu, na aliyesafiri hajui ataiongeza vipi. Lakini siku jambo baya likitokea kweli, simu isiyo na kredi inaweza kumwacha mtu peke yake bila msaada. Kwa hiyo katika toleo hili tunaeleza jinsi kredi inavyofanya kazi ukiwa nje ya Kenya, na mambo ambayo familia inafaa kuyapanga mapema.

Kredi hufuata namba

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili: kredi inakaa kwenye namba yako, kwa kampuni iliyokupa laini. Haikai ndani ya simu, wala haijali uko mji gani. Kama laini yako ni ya Kenya, kredi yake ni ya shilingi za Kenya. Kadi ya kukwaruza utakayonunua dukani Riyadh ni ya makampuni ya huko, na ukiingiza namba zake kwenye laini ya Kenya itakataliwa. Vivyo hivyo, mama aliye Kitui hawezi kuchukua kadi ya shilingi mia aiingize kwenye laini ya Saudi Arabia.

Habari njema ni kwamba mtu wa nyumbani anaweza kuongeza kredi kwenye laini yako ya Kenya hata kama wewe uko mbali namna gani. Kwake ni sawa na kumwongezea jirani.

Kuna njia nne zinazotumika sana:

1. M-PESA ya mtu wa nyumbani. Huduma hii, iliyoanza Kenya mwaka 2007, inamwezesha mtu kununua muda wa maongezi kwa ajili ya simu nyingine. Anachagua kununua muda wa maongezi, halafu simu nyingine, anaandika namba yako, kiasi, na namba yake ya siri. Asome namba yako mara mbili kabla ya kumaliza, maana kredi ikienda kwa mtu mwingine kuirudisha ni kazi.

2. Kadi ya kukwaruza. Aliye nyumbani ananunua kadi, anakwaruza, na kukutumia zile tarakimu kwa ujumbe mfupi. Kwa laini ya Safaricom unabonyeza *141*, unaandika tarakimu 16, kisha alama ya reli (#), halafu unapiga.

3. Sambaza. Mwenye kredi yake anakukatia kidogo. Laini zote mbili ziwe za kampuni moja.

4. M-PESA yako mwenyewe. Ukiacha pesa kidogo kwenye simu yako, unaweza kujinunulia kredi bila kumsumbua mtu. Lakini hakikisha kwanza na kampuni yako kwamba huduma hiyo itafanya kazi katika nchi unayokwenda.

Wale wenye kadi ya benki wanaweza pia kununua kredi kupitia makampuni ya intaneti yanayouza muda wa maongezi wa nchi mbalimbali. Waangalie gharama yake. Unaweza kulipa shilingi mia tano na namba ikapata pungufu ya hapo.

Laini ifunguliwe kabla ya kupanda ndege

Kredi peke yake haitoshi. Lazima laini iweze kushika mtandao wa nchi nyingine. Huduma hii inaitwa rominga. Nenda kwenye duka la kampuni yako ukiwa bado Kenya na uulize mambo matatu: laini yangu imefunguliwa rominga? Nikifika kule nitashika mtandao wa kampuni gani? Bei ya kupiga, kupokea na kutuma ujumbe ni ngapi? Andika majibu kwenye karatasi.

Hakikisha pia laini imesajiliwa kwa jina lako na kwa kitambulisho chako. Laini ya shangazi au ya rafiki ikipotea ukiwa ng'ambo, huwezi kuidai.

Tena kuna hii ya kukopa kredi, ile ya Okoa Jahazi. Lipa deni kabla ya kuondoka. Ukiwa unadaiwa, kredi ya kwanza utakayotumiwa itaanza kwa kulipa deni. Ndugu yako anakutumia shilingi 200, wewe unadaiwa 100, halafu unashangaa mbona pesa ni nusu. Wengine hata wamegombana na watu wao wa nyumbani kwa jambo hili, na hakuna aliyeiba.

Kinachokula kredi

Hapa Kenya tumezoea kwamba anayepiga ndiye analipa. Ukiwa kwenye rominga katika nchi za mbali, hata kupokea simu unalipishwa. Wale walio nyumbani hawajui hivyo. Wanapiga, wanasalimia mmoja mmoja, mtoto naye apewe aongee, na huku kredi ya aliye mbali inateketea. Kupokea ujumbe mfupi kwa kawaida hakulipiwi. Kwa hiyo ujumbe utangulie, na simu iwe ya jambo lenye uzito.

Kitu cha pili ni data. Simu hizi za kisasa zinatafuta intaneti zenyewe bila kukuuliza. Kabla ndege haijatua, zima data na uzime data ya rominga kwenye mipangilio ya simu. Bando ulilonunua Kenya kwa matumizi ya Kenya usilitegemee kule. Simu ikiingia mtandaoni inaweza kukata kwenye kredi ya kawaida, na kredi ya wiki ikaisha kabla hujatoka uwanja wa ndege.

Jambo la tatu ni namba ulizoandika kwenye simu. Namba iliyoandikwa kwa kuanza na 07 au 01 inaweza kukataa ukiipiga kutoka nje. Ondoa ile sifuri na uweke +254 mbele. Fanya hivyo kwa namba zote muhimu ukiwa bado nyumbani, na uziandike pia kwenye daftari. Simu inaweza kuvunjika au kuchukuliwa, lakini daftari litabaki.

Laini ya kule ni ya nani?

Kwa kukaa miaka miwili, rominga ni ghali. Wengi wanapata laini ya nchi ile, na hiyo ndiyo njia nzuri ya kuongea kila siku. Lakini laini hiyo nayo ina mambo yake.

Tuchukue Saudi Arabia, ambako Wakenya wengi wanafanya kazi za nyumbani. Huwezi kununua laini pale kama unavyonunua kwa kibanda cha mtaani. Mwaka 2012 serikali ya huko iliagiza kwamba mtu akiongeza kredi kwenye laini ya kulipia kabla, aingize pia namba ya kitambulisho cha mwenye laini. Mwaka 2016 ikaongeza sharti la alama za vidole wakati wa kusajili. Mfanyakazi mgeni kwa kawaida anahitaji kitambulisho chake cha ukaaji, kinachoitwa ikama, na ikama haipatikani siku ya kufika.

Maana yake ni nini kwetu? Ni kwamba wiki za kwanza, wakati mtu ni mgeni kabisa, hajui lugha wala njia, laini yake ya Kenya inaweza kuwa mlango wake wa pekee. Na kama mwajiri atampa laini iliyosajiliwa kwa jina la mwajiri, basi mwenye laini ni mwajiri. Akitaka ataongeza kredi, asipotaka hataongeza. Siku wakikosana anaweza kuifunga. Hatusemi kila mwajiri ana nia mbaya, wako wema wengi. Tunasema mtu asiwe na njia moja tu ya kuwafikia watu wake, na njia hiyo iwe mikononi mwa mtu mwingine.

Ndivyo ilivyo pia kwa waifai ya nyumba. Inasaidia sana kwa WhatsApp, lakini neno lake la siri linaweza kubadilishwa usiku mmoja. Na kumbuka, WhatsApp ikitaka kukutambua upya inatuma tarakimu kwenye namba uliyojisajili nayo. Laini ya Kenya ikiwa imekufa, hata WhatsApp inaweza kukupotea.

Kwa hiyo usiiache laini ya Kenya ilale. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa inaweza kufungwa na namba kupewa mtu mwingine. Iwekewe kredi kidogo na utume angalau ujumbe mmoja kila mwezi.

Wanaovuka mpaka karibu

Wafanyabiashara wa Busia na Malaba wanaokwenda Uganda wana nafuu. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, na wateja wa kulipia kabla wakaweza kutumia kadi za nchi yoyote kati ya hizo tatu. Celtel ilikuja kuwa Zain, kisha Airtel. Baadaye, kuanzia mwisho wa mwaka 2014, Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini ziliingia katika mpango wa Eneo Moja la Mtandao, ili simu za kati ya nchi hizi zishuke bei na kupokea kusilipiwe. Hata hivyo, uliza bei kabla ya kuvuka, kwa sababu mpango huu haukuwa wa nchi zote za Afrika Mashariki na wala hauhusu nchi za Ghuba.

Tujihadhari na matapeli

Matapeli wanajua kwamba mzazi mwenye mtoto ng'ambo hana amani. Wanatuma ujumbe kwa namba ngeni: "Mama, nimeshikwa na polisi, niwekee kredi ya elfu mbili kwa namba hii." Weka kanuni moja: kredi inawekwa kwenye namba ya mtoto unayoijua tu. Namba nyingine yoyote ikitokea, mwulize swali ambalo nyinyi wawili peke yenu mnajua jibu. Na namba ya siri ya M-PESA usimpe mtu, hata akisema ni wa kampuni.

Maagano ya familia

Usiku mmoja kabla ya safari, familia ikae chini na kuandika haya:

1. Nani ataongeza kredi? Awe mtu mmoja, na wa pili wa kumsaidia akiugua.
2. Ni kiasi gani, na tarehe gani kila mwezi?
3. Saa ya kuongea. Saudi Arabia, Qatar na Kuwait saa zao ni sawa na zetu. Dubai na Oman wako mbele kwa saa moja.
4. Alama ya kuflashi. Kwa mfano, mara moja ni "niko salama", mara tatu mfululizo ni "nitafuteni haraka". Simu isiyopokelewa kwa kawaida haikati kredi.
5. Namba ya ubalozi wa Kenya katika nchi ile. Iwe kwa simu, kwa daftari, na nakala ibaki nyumbani.
6. Kiasi kidogo cha kredi ambacho hakiguswi kwa salamu. Hicho ni cha siku ya shida.

Shilingi mia moja ni kitu kidogo ukiwa hapa kijijini. Kwa msichana aliye katika nyumba ya watu, mji asioujua, shilingi hizo zikiwa kwenye laini yake mwenyewe zinamwezesha kusema: "Mama, niko hapa." Tusingoje hadi siku atakayoshindwa kulisema ndipo tuulize kredi huongezwa vipi.