Maji Yale Hayakuwa ya Barafu

Nimeulizwa tena. Safari hii ni mwongozaji kijana anayejiandaa kupiga filamu yake ya kwanza ya taharuki: ni kweli Alfred Hitchcock alimfungulia Janet Leigh maji ya barafu bila kumwambia, ndiyo maana yowe la bafuni katika Psycho likatoka vile? Hilo nimelizoea. Lililonikalisha chini niandike ni swali lililofuata: na yeye amfanyie nini mwigizaji wake ili apate yowe la kweli?

Hadithi hiyo si kweli, na swali la pili halikuwa la kuuliza.

Anayeisadiki hadithi hii hajalitazama tukio lenyewe kwa makini. Marion Crane, mhusika anayechezwa na Leigh, anaingia bafuni, anafungua bomba la mvua, maji yanamwagika, anajisugua, anatabasamu. Sura yake ni ya mtu aliyetua mzigo. Maji yanaendelea kumiminika muda wote huo, na kivuli kinajitokeza nyuma ya pazia. Yowe linakuja pazia likishavutwa, anapogeuka na kuona kisu. Kama maji ndiyo yaliyomshtua, angeruka pale alipofungua bomba, yaani pale pale anapotabasamu.

Tuliangalie sasa yowe lenyewe kwa jicho la mhariri. Si picha moja. Tunaona uso, kisha uso kwa karibu zaidi, kisha mdomo peke yake umejaa kwenye kioo. Vipande hivyo sharti vilingane: nywele zilowe kiasi kile kile, kichwa kiinamie upande ule ule, mdomo ufunguke kwa nguvu zile zile. Mshtuko wa kweli hutokea mara moja. Mwili ukishajua kwamba maji ni baridi, umeshajua, na huwezi kuuomba ushangae upya kwa sababu umesogeza kamera. Hitchcock alimwambia mwongozaji Mfaransa François Truffaut kwamba mauaji yale yalichukua siku saba na mikao 70 ya kamera, kwa sekunde 45 tu za filamu. Ilikuwa Desemba 1959. Anayedhani ndoo moja ya maji ya barafu ingeweza kulisha kazi ya siku saba hajawahi kukaa kwenye meza ya uhariri.

Na mwenyewe alisema. Janet Leigh aliikanusha hadithi hii mara nyingi, na mwaka 1995 alitoa kitabu kizima juu ya utengenezaji wa filamu hiyo. Maji yalikuwa ya moto, na Hitchcock alisisitiza yawe hivyo. Ushahidi ninaoupenda zaidi unatokana na picha ndefu ya mwisho, Marion akiwa amelala kifudifudi ukingoni mwa beseni. Leigh alisimulia kwamba mvuke ulianza kulegeza gundi ya vitambaa vilivyomsitiri kifuani. Alihisi vinabanduka. Picha ilikuwa ngumu, imerudiwa mara nyingi, akaamua kutulia badala ya kuiharibu. Maji ya barafu hayatoi mvuke wa kulegeza gundi.

Hebu tazameni na vingine vyote vilivyomo mle bafuni. Damu ni sharubati ya chokoleti, kwa kuwa filamu ni nyeusi na nyeupe. Sauti ya kisu ni tikiti linalochomwa. Baadhi ya picha za mwili ni za Marli Renfro, mwanamitindo aliyekodiwa kuwa mbadala wa Leigh. Hata muuaji wa bafuni si Anthony Perkins, aliyepewa nafasi hiyo: yeye alikuwa New York akifanya mazoezi ya tamthilia ya muziki, na anayeonekana ameshika kisu ni Margo Epper. Kila kitu kimetengenezwa kwa mikono ya mafundi, halafu mtu anasisitiza kwamba hofu ya mwigizaji peke yake ilibidi iwe ya kweli! Kwa nini? Kwa sababu hatutaki kukubali kwamba mwanamke yule alikuwa anafanya kazi, na anaijua. Aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa kazi hiyo. Hadithi ya maji inamnyang'anya ustadi wake na kumpa mfungua bomba.

Leigh alieleza pia kwamba hofu ilimpata baadaye, alipolitazama tukio likiwa limeshaunganishwa, na tangu hapo akawa anakwepa bomba la mvua. Mtu aliyekuwepo pale siku zote, anayejua chokoleti ilikuwa kwenye chupa gani, alitishwa na uhariri wa George Tomasini na vinanda vya nyuzi vya Bernard Herrmann. Muziki wenyewe Hitchcock hakuutaka mle bafuni mwanzoni. Herrmann aliuandika hata hivyo, na Hitchcock alipousikia akabadili mawazo.

Wawindaji wa makosa nao huniandikia, na kwao nina maneno machache. Kosa kubwa kuliko yote lilikamatwa kabla filamu haijatoka, na Alma Reville, mke wa Hitchcock na mhariri wa miaka mingi: aliona dalili ya uhai kwa marehemu, mahali ambapo wengine wote walikuwa wameshapita. Mkato wa kurudi kwenye bomba la mvua ukaliziba kosa hilo. Mboni za macho hazikuzibika. Madaktari wa macho walimwandikia Hitchcock kwamba mboni za maiti hutanuka, ilhali za Leigh zilikuwa zimesinyaa kwa ukali wa taa. Na ile tarehe inayoandikwa mwanzoni, Ijumaa, Desemba 11, imewekwa kwa sababu picha za mitaa ya Phoenix zilirudi na mapambo ya Krismasi. Kupiga upya ni gharama, tarehe ni wino tu.

Lakini kosa la kweli kwa mwongozaji ni lile linalopotosha maana. Siku moja Hitchcock alipougua, wasaidizi wake walipiga picha za mpelelezi Arbogast akipanda ngazi, wakifuata michoro ya Saul Bass: mkono kwenye reli, miguu ikipanda. Picha hizo hazikuwa na dosari, lakini Hitchcock alizikataa. Vipande vile vilimfanya Arbogast aonekane kama mtu mwenye nia mbaya, wakati yeye ni mtu asiye na hatia anayekwenda kufa. Mkitaka kujifunza taharuki, anzeni hapo.

Sasa kwa mwenye filamu ya kupiga wiki ijayo. Mweleze mwigizaji kila kitakachotokea, hatua kwa hatua, na umpe haki ya kukataa. Maji yapashwe moto, taulo liwe karibu. Yowe lirekodini kando, mahali tulivu, mara tatu nne, kisha mchague. Mdomo upigwe picha kivyake. Mtu mmoja awe na kazi moja tu: kupiga picha kwa simu kila teki inapoisha, nywele, nguo, mikono, kila kitu mezani. Bajeti ikibana, punguzeni maeneo, msipunguze mikao ya kamera. Anayepaswa kushtuka ni mtazamaji, basi mkate kabla hajajiandaa.

Na mwongozaji atakayemmwagia mwigizaji wake maji ya barafu kwa hila asijitetee kwa jina la Hitchcock. Hitchcock hakufanya hivyo.