Goti Likiingia Ndani

Beki akichelewa na kumpata winga kwa nje ya goti katika kiwanja cha vumbi mtaani Mukuru kwa Reuben, Nairobi, goti huingia ndani, na vumbi halijatua mashabiki wamekwisha kutoa hukumu: "Mshipa umeteguka." Mtu ameshatumwa maji ya moto na chumvi.

Mshipa ni neno linaloonewa. Tumelibebesha damu, neva, ngiri na kila kitu kinachouma kikivutika. Kilichovutwa hapa ni kano, utepe mgumu mweupe unaofunga mfupa kwa mfupa, nayo kano ya ubavu wa ndani ni miongoni mwa zile zinazoumia mara nyingi zaidi gotini. Haihitaji hata mpira. Kuruka mtaro na mtungi wa maji begani, mguu mmoja ukateleza kwenye matope, kunatosha.

Goti si bawaba ya mlango. Fupa la paja huishia kwa vifundo viwili vya mviringo, navyo vimekaa juu ya muundi ambao kichwa chake kinakaribia kuwa bapa. Mifupa hiyo haikuchongwa ishikane, inashikwa. Kaa kitini, kunja goti, upapase upande wa ndani mpaka upate nundu ndogo ya mfupa juu kidogo ya ungio. Kano yetu inaanzia karibu na hapo. Nasema karibu kwa sababu Robert LaPrade na wenzake, waliopasua magoti 8 ya maiti na kuchapisha vipimo vyao mwaka 2007, waliikuta imeshika milimita 3.2 juu ya nundu hiyo na milimita 4.8 nyuma yake.

Kutoka hapo tabaka lake la juu linashuka kama mkanda mpana, hushikwa kwanza na nyama laini chini kidogo ya ungio, kisha likaendelea hadi kwenye mfupa wenyewe, kama sentimita 6 chini ya ungio. Hapo limefunikwa na ncha ngumu za misuli mitatu ya paja ambazo wataalamu wa zamani waliziona zikifanana na unyayo wa bata bukini, na jina likabaki. Ndiyo maana aliyeumia goti anaweza kusikia uchungu vidole vitatu au vinne chini ya pale anapodhani goti limeishia.

Chini ya mkanda huo kuna tabaka la pili, fupi, lililoshonwa moja kwa moja kwenye gegedu yenye umbo la mwezi mchanga inayokaa kati ya mifupa. Nyuma kuna la tatu, linalokwenda mshazari na kukaza zaidi mguu ukinyooka. Mwaka 2010 Coen Wijdicks na wenzake walivuta kila sehemu peke yake hadi ikakatika. Mkanda wa juu ulihimili nyutoni 557, wa mshazari 256, na lile tabaka fupi 101. Kwa lugha ya Reuben, wa kwanza unaweza kuning'iniza mfuko wa saruji wa kilo 50 na kilo 6 za unga juu yake. Wa mwisho hauhimili zaidi ya nusu ya mtungi wa lita 20. Lakini mguu ni mtaimbo mrefu, na msukumo mdogo kwenye kifundo cha mguu hufika gotini umezidishwa.

Hakuna anayeweza kuingiza kipimo ndani ya goti la winga akiwa mbioni, kwa hiyo wahandisi huunda goti ndani ya kompyuta. Njia rahisi ni kuichora kano kama springi kadhaa zilizonyooka kati ya nukta mbili. Ni haraka, na kwa maswali mengi inatosha. Kwa kano hii inapotosha, kwa sababu mkanda haupiti hewani. Unajipinda juu ya ukingo wa muundi, jambo ambalo Blankevoort na Huiskes wa Uholanzi walilishughulikia katika modeli yao ya mwaka 1991. Tena mkanda si mpira unaovutika sawa kila upande. Quapp na Weiss, mwaka 1998, walipima ugumu wake wakapata megapaskali 332 ukivutwa kwa urefu wa nyuzi na 11 tu ukivutwa kwa upana. Chukua fungu la katani: livute kwa urefu likuumize viganja, kisha litenganishe kwa upana kwa vidole viwili. Zaidi ya hayo, hata ukisimama tuli kano imekwisha kazwa kidogo, kama kamba ya kuanikia nguo kabla ya nguo. Modeli inayoanza na kamba iliyolegea itatoa majibu ya goti ambalo halipo.

Na yale magoti 8 ya LaPrade? Milimita zake ni wastani. Kuziingiza zilivyo katika goti la kijana wa miaka 16 kutoka Mukuru ni kununua suruali soko la Gikomba bila kuijaribu kiunoni. Modeli inayostahili kumwelekeza daktari hujengwa kwa picha za MRI za goti lenyewe.

Hesabu hizi zina matumizi hata pasipo kompyuta. Mwaka 1981 Edward Grood na wenzake walionyesha kwamba goti likiwa karibu limenyooka, kano hii hubeba asilimia 57 ya kazi ya kulizuia lisiingie ndani. Likikunjwa digrii 25, hubeba asilimia 78. Kwa hiyo mchunguzi hulikunja kama digrii 30, akalisukuma polepole kutoka nje kwenda ndani. Likiachia hapo tu, shaka huiangukia kano hii peke yake. Likiachia hata mguu ukiwa umenyooka, kuna kingine kilichokatika, na safari ya hospitali haingoji Jumatatu.

Habari njema ni kwamba kano hii hupata damu ya kutosha, na ikiumia peke yake kwa kawaida huungana bila upasuaji, kwa kifaa cha kushikilia goti na mazoezi ya taratibu. Siku ya kwanza inataka barafu ndani ya kitambaa. Maji ya moto na kukandwa kwa nguvu huongeza uvimbe. Majaribio ya sungura yaliyofanywa na Savio Woo na wengine yalionyesha jambo la kushangaza kidogo: kano iliyopona huwa nene kuliko ya awali, ilhali nyama yake ni dhaifu zaidi, na hata baada ya mwaka haijarudi ilivyokuwa. Mhandisi akitaka kuliunda goti la winga aliyerudi uwanjani, zile megapaskali 332 hazimfai tena.