Mtani Asiye na Mtani: Idris Sultan na Mipaka ya Utani katika Vichekesho vya Jukwaani

1.0 Utangulizi

Kahe, katika nyanda za chini za Moshi, ni mahali pa makutano. Reli itokayo Tanga huambaa chini ya milima ya Upare, ikakutana hapo na ile itokayo Voi kupitia Taveta, kisha ikaendelea Moshi na Arusha. Katika njia hiyo Mchaga na Mpare hukutana, na wakikutana hapakosi utani. Mpare husema kwamba Mchaga hazikwi mpaka sarafu zitikiswe sikioni mwake. Asipoamka kwa mlio wa fedha, huyo amekufa kweli. Mchaga naye hujibu kwamba Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Wote wawili hucheka, na safari huendelea.

Mhadhara huu unachunguza kinachotokea pale mzaha unapotoka katika jozi ya watani, ukapanda jukwaani na hatimaye ukaingia katika simu za maelfu ya watu. Mfano unaotumika ni maisha na kazi ya Idris Sultan, mchekeshaji wa jukwaani aliyezaliwa mwaka 1993 mjini Arusha.

2.0 Utani kama Mkataba

Katika makala yake ya mwaka 1940, Radcliffe-Brown aliueleza utani kuwa ni uhusiano ambao mmoja ameruhusiwa, na wakati mwingine amelazimika, kumfanyia mwenzake mzaha, na mwenzake hana ruhusa ya kukasirika. Miaka minne baadaye Moreau alichapisha makala kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika.

Kwa muhtasari, utani una nguzo tatu. Ya kwanza ni kujuana: mtani hujulikana kwa kabila au kwa ukoo, kama vile babu na mjukuu. Ya pili ni zamu: anayetaniwa ana haki ya kujibu, tena kwa ukali uleule. Ya tatu ni wajibu: mtani anayekucheka leo ndiye atakayefika msibani, aigize mwendo na sauti ya marehemu, adai chochote kabla jeneza halijapita, kisha ashike jembe na kusaidia kuzika. Nguzo hizi ndizo zinazoutenga utani na dhihaka, kejeli na kashfa, ingawa maneno yenyewe huweza kuwa yaleyale.

3.0 Kutoka Arusha hadi Jukwaani

Idris Sultan alijulikana barani Afrika mwaka 2014, aliposhinda shindano la televisheni la Big Brother Africa lililofanyika Afrika Kusini na kujipatia dola 300,000 za Marekani. Ushindi huo ulimpa hadhira kabla hajawa na jukwaa. Aliporudi nyumbani alifanya kazi ya uchekeshaji na uigizaji. Alionekana katika filamu ya Kiumeni ya mwaka 2017, na mwaka 2021 katika filamu ya Slay iliyoonyeshwa na Netflix.

Vichekesho vya jukwaani vilikuta nchini mapokeo mengine yaliyokomaa. King Majuto wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018, aliigiza visa pamoja na wenzake. Kilichochekwa kilikuwa mhusika. Mchekeshaji wa jukwaani husimama peke yake, kwa jina lake, na huisema dunia iliyopo. Hana kisa cha kujificha nyuma yake. Aidha, hadhira yake si kabila moja. Hivyo basi, huazima lugha ya utani bila kuwa na mtani: hajuani na anayemtania, hampi zamu ya kujibu, na hana msiba wa kumzika.

4.0 Mzaha Unapokosa Zamu

Tofauti hiyo ilidhihirika mwishoni mwa Oktoba 2019. Rais John Magufuli alipotimiza umri wa miaka 60, Idris alisambaza mtandaoni picha zilizobadilishwa sura: yeye katika kiti cha rais, na rais katika mwili wake. Maelezo yake yalikuwa kwamba wamebadilishana nafasi kwa siku moja ili rais aifurahie siku yake kwa amani. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam alimtaka aripoti polisi, naye akaripoti na kuhojiwa. Mei 2020 alikamatwa baada ya kusambaa kwa video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya rais akiwa amevaa suti kubwa kuliko mwili wake. Alipofikishwa katika Mahakama ya Kisutu, mashtaka yalihusu usajili wa laini ya simu iliyokuwa ya mtu mwingine.

Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo hili lina uzito. Kicheko ndicho kilichozungumzwa mitaani, ilhali hati ya mashtaka ilizungumzia laini ya simu. Utani una msamiati wake wa kuamulia ugomvi: "huyu ni mtani wangu" hutosha kumaliza hasira ya mtu njiani. Mchekeshaji hana sentensi ya namna hiyo ya kujitetea nayo.

5.0 Hitimisho

Si sahihi kudai kwamba Mswahili hajui kumcheka mkubwa; mjukuu humtania babu yake kila siku. Kilichopungua katika kisa cha Idris Sultan ni mkataba unaomwezesha mkubwa huyo kucheka bila kujiona amevunjiwa heshima. Mchaga na Mpare hawakuandikiwa mkataba wao na sheria yoyote; waliuzoea kwa kukutana mara nyingi na kujibizana. Jukwaa la vichekesho nchini bado ni changa, na anayechekwa bado hajazoea kuchukua zamu yake. Mpaka atakapoizoea, kila mchekeshaji atapanda jukwaani akiwa mtani asiye na mtani.